Safu ya Sababu

Keji alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa uani kwangu, mtaa wa Buluk, Juba, nachambua majani ya kombo, akaniambia mama yake amepumzika. Hakulia. Alisema, "Ustaza, tunazika Alhamisi, huku Gumbo. Sisi watoto tumekaa, tumeona wewe ndiye uandike historia ya marehemu. Wewe unamjua Mama tangu shule." Nikamwambia pole, mwanangu, nikamwambia nitaandika, kisha nikarudi kwenye mboga, na baada ya muda nikaona kwamba nilikuwa natupa majani na kuweka mabua sufuriani. Kwetu mtu hazikwi kabla karatasi hiyo haijasomwa kanisani: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma hadi wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi. Nimeandika karatasi nyingi za namna hiyo, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na mistari mingi hujiandika yenyewe. Nilijua ni mmoja tu utakaonishinda. Nilikuwa nimewahi kuandika habari za elimu ya Rejina Poni, ambaye sote tulimwita Mama Keji. Niliziandika mwaka nilipokuwa na miaka thelathini na moja, na nilichoandika kilikuwa uongo.

Mwaka ule amani ilikuwa bado changa na watu walikuwa wanarudi kila wiki, kwa malori na kwa miguu. Shule yetu ya msingi, ya serikali, ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali na maturubai manne. Watoto wa madarasa ya chini walikaa juu ya mawe na madebe chini ya maturubai hayo, na mvua ilipoanza kuonekana upande wa mlima wa Jebel tuliwaambia wafunge madaftari, wayaweke ndani ya mashati, waende nyumbani. Mimi nilipewa darasa la nane, nikaanza kuitwa Ustaza, mwalimu. Lilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu, na ungeweza kusema ni madarasa matatu yaliyofungiwa chumba kimoja. Mbele walikaa waliolelewa Uganda, Kiingereza chao safi, madaftari yao yamefunikwa kwa karatasi ya kaki. Dirishani walikaa wachache waliokulia kambini Kenya, ambao hawakumwogopa mtu. Nyuma walikaa wale ambao hawakutoka Juba miaka yote ya vita. Hao walikuwa wamesoma kwa Kiarabu, na sasa walikuwa wameambiwa waweke kando yote waliyoyajua, waanze upya kwa Kiingereza. Wengi wao walikuwa watu wazima. Wawili walikuwa na mvi. Hakuna aliyewapanga hivyo. Walijipanga wenyewe siku ya kwanza, na mimi, niliyetoka Uganda kupitia chuo cha wainjilisti Kenya, niliona ni jambo la kawaida kwamba watu wangu wakae mbele.

Mama Keji alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu alikuwa wa mwisho kufika. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kadhaa. Kabla ya kengele aliuza chai ng'ambo ya daraja, Gumbo, kwenye barabara ya Nimule, na Kiswahili chake alikipata hapo hapo, kwa madereva wa malori. Kiarabu changu kilikuwa cha kununulia nyanya tu, kwa hiyo yeye na mimi tulikutana katikati, katika lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yetu. Aliingia darasani akinukia moshi na tangawizi, na binti yake Keji, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa ameshaketi chini ya turubai lake nusu saa nzima.

"Mathe ameingia, simameni," alikuwa akisema Denis, kijana wa dirishani. "Mathe, leo umetubebea mandazi ama ni homework tu?"

"Mandazi iko," Mama Keji alimjibu siku moja, akipangusa vumbi kwenye benchi. "Lakini ni ya mtu mwenye alipata hesabu yote jana. Wewe ulipata ngapi?"

Darasa lilicheka, na Denis alicheka kuliko wote, maana alikuwa amepata tatu. Tangu siku hiyo alimletea daftari lake la hesabu kila asubuhi, akamwita Mathe kwa sauti nyingine.

Jumamosi moja alinialika kwake. Chumba kilikuwa kimoja, ukuta wa udongo umepakwa majivu chini mpaka usawa wa goti, na juu ya sanduku la nguo palikuwa na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Alinipa kisra, mkate mwembamba wa mtama, na maharage yaliyopikwa kwa karanga, akakaa mbele yangu kwenye kigoda bila kula, kama wanavyofanya watu wenye jambo. Kisha akanyoosha mikono yake, viganja juu.

"Ustaza, hii mikono imeshika watoto wa watu. Hapa Gumbo wote wananiita. Lakini nikienda hospitali wananiuliza, Mama, karatasi ya darasa la nane iko wapi? Wanataka wanawake wa kufundisha ukunga. Ni mwaka huu tu. Nikipata hiyo karatasi, mimi nimeingia."

"Utaipata," nikasema.

"Unasema kwa kunifurahisha ama unasema kweli?"

"Hesabu unaweza. Sayansi, mambo ya mwili, unajua kuliko mimi. Ni Kiingereza tu."

"Basi nipe hiyo Kiingereza. Mimi iko na watoto wanne, lakini kichwa haijakufa."

Nikampa. Kila Jumamosi nilivuka daraja, nikamsomesha mpaka jua lilipokuwa kali, na kila Jumamosi nilikula kisra yake. Sasa, ninapohesabu fadhila ambazo Mungu amenitendea katika maisha haya, na ni nyingi, huwa nafika kwenye kisra ile na kunyamaza. Katika mji ule ambamo kila mtu alikuwa mgeni au alijiona mgeni, yeye ndiye aliyenikaribisha kwanza. Mimi nilidhani ndimi ninayemsaidia.

Mkuu wa shule tulimwita Mudiri Elikana. Sitaki mtu asome hapa akadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundisha chini ya miti kambini Uganda miaka mingi bila mshahara unaoeleweka, na suruali yake ya kazi ilikuwa moja. Mwezi wa mtihani wa majaribio watu wa shirika moja walipita wakasema watajenga madarasa kwa shule moja tu katika eneo letu, ile itakayofaulisha vizuri kuliko nyingine zote. Baada ya hapo Mudiri hakuwa na raha. Chumba cha walimu na ofisi yake vilitenganishwa na ukuta wa matete, na siku matokeo ya mtihani wa majaribio yalipokuwa mezani nilikuwa upande wa pili nikinywa chai, nikamsikia mkaguzi mmoja, mgeni wake, akimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha ndugu yake kufunga tai.

"Wenzako wa shule ile ingine wamesajili wenye akili tu. Wastani wao utapanda mpaka mbinguni. Wewe utapeleka wazee wako wa Kiarabu, halafu uje ulie kwangu?"

"Wako darasani tangu mwanzo wa mwaka," Mudiri akasema.

"Mwaka haujaisha, ya akhi. Watu wanaondoka kila siku."

Mchana aliniita. Juu ya meza palikuwa na fomu ndefu ya ofisi ya elimu, imeshikiliwa kwa jiwe ili upepo usiichukue. Ilikuwa na safu ya jina, ya umri, ya mume au mke, ya mahali mwanafunzi alikotoka, ya alama za majaribio, na mwisho kabisa safu nyembamba ya sababu, kwa wale walioandikishwa mwanzo wa mwaka lakini hawatafanya mtihani. Mudiri alikuwa ameshapiga mistari kwa rula juu ya majina kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kuijaza fomu upya, kwa mwandiko mzuri, na kuandika sababu.

"Ustaza, walio chini ya maturubai wanalowa," akaniambia.

"Ndiyo, Mudiri."

"Hawa ni kumi na mmoja. Waambie watafanya mwakani. Au usiwaambie, watatuletea fujo."

Nikamwambia Mama Keji anaweza kupita. Sikusema kwa nguvu, lakini nilisema. Akavua miwani yake, na alilosema ndilo ninaloamka nalo hadi leo. "Anaweza. Anaweza pia kuanguka, alama zake za Kiingereza umeziona. Wewe ndiye unayemfundisha. Niambie tu kwamba atapita, na jina lake linabaki."

Alikuwa amenipa mlango. Ilihitaji neno moja, na neno hilo nilikuwa nimeshamwambia yeye mwenyewe chumbani kwake, nikiwa na chakula chake mkononi. Lakini mbele ya Mudiri nilifikiri juu ya jina langu. Nilikuwa mwalimu mpya, darasa lile lilikuwa la kwanza kwangu, na kama angeanguka watu wangesema ni Ustaza aliyemtetea. Nikanyamaza. Mudiri akasubiri kidogo, kwa heshima, kisha akavaa miwani.

"Hawa wanawake andika wameolewa," akasema.

"Walishaolewa kabla hawajaandikishwa, Mudiri. Ofisi watashangaa."

"Basi chagua wewe. Wamekufa, wameugua, wamehama. Chagua."

Nilikwenda na fomu ile kwenye chumba cha walimu, nikafunga macho, nikasali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwomba Bwana aniongoze, nikahisi utulivu moyoni, na nikadhani utulivu ule umetoka kwake. Sikutaka kumwandikia mtu kifo au ugonjwa, niliona ni kama kumwapiza. Nikaona kuhama ni kitu chepesi, maana katika nchi hii ni nani hajahama? Nikaandika mara kumi na moja, herufi za kuegemea kulia kama nilivyofundishwa: amehama, amehama, amehama. Niliona fahari hata kwa jinsi mistari ilivyonyooka. Ni baadaye sana, nikiwa mtu mzima kweli, nilipotazama moyoni mwangu ile safu nyingine ya fomu, ya mahali mwanafunzi alikotoka. Mbele ya majina kumi na moja yale palikuwa na neno moja, Juba, Juba, Juba. Wale waliohama walibaki kwenye orodha, mimi nikiwa mwalimu wao na ndugu yao wa safari. Tuliowaandika kuwa wamehama ni wale ambao hawakuondoka hata siku moja, waliokaa hapa wakila majani na kuzika watu huku sisi tukisoma Kiingereza ng'ambo ya mpaka.

Sikuwaambia. Wiki sita zilizofuata niliwafundisha wote arobaini na watatu, nikasahihisha madaftari ya wote, na Jumamosi nilivuka daraja kama kawaida, kwa sababu kuacha kungehitaji maelezo. Mama Keji alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa anaandika insha fupi sasa, kuhusu kutunza mtoto mchanga, na mojawapo ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliisoma mara mbili na kichwa kikaanza kuniuma. "Umenyamaza, Ustaza," akaniambia. "Nimeharibu wapi?" Nikamwambia hajaharibu popote.

Siku ya mtihani alikuja bila harufu ya moshi. Alikuwa ameazima blauzi nyeupe, amesuka nywele, na amefunga kalamu mbili kwenye kitambaa kama sadaka. Msimamizi, mgeni aliyeletwa na ofisi, alisimama mlangoni akasoma majina na namba, na kila aliyeitwa aliingia akakaa. Waliitwa thelathini na wawili. Kisha akafunga faili. Wale kumi na mmoja walibaki wamesimama uani, kama watu wanaosubiri foleni iendelee. Mwanaume mmoja mwenye mvi aligeuka akaenda zake moja kwa moja, bila kuuliza. Huyo alikuwa ameshazoea serikali. Kutoka ndani nilimsikia Denis akisema kwa sauti, "Na Mathe je? Mwalimu, mmeacha Mathe nje," na msimamizi akamwambia anyamaze au atoke amfuate.

Mama Keji alinifuata chini ya turubai tupu la darasa la kwanza. "Ustaza, jina langu."

Ningeweza kumwambia hapo. Nilikuwa na umri wa kutosha, na nilikuwa nimesoma neno la Mungu miaka mitatu ili niwafundishe wengine kusema kweli. "Wamekosea ofisini," nikasema. "Labda karatasi imepotea. Mwakani utafanya." Nikaanza kulia. Nililia kwa aibu, lakini machozi hayana safu ya sababu, na yeye aliyasoma alivyoweza. Alifungua kile kitambaa cha kalamu, akanifuta uso nacho.

"Usilie, Ustaza," akasema. "Si wewe."

Shule yetu iliongoza. Walikuja watu wa shirika na mabati na saruji, yakajengwa madarasa manne ambayo yamesimama hadi leo, na nikipita huwa nasikia watoto wakisoma kwa sauti ndani yake wakati wa mvua. Siwezi kusema ni kitu kibaya. Tulifanya ibada ya shukrani na mimi niliitwa mbele, nikapigiwa makofi, nikapewa leso. Mama Keji alikuwepo. Alikuja kumshangilia Keji, aliyekuwa anaimba na darasa lake. Mwaka uliofuata hakurudi, mimba ya tano ilimchukua, na hospitali wakawa wameshajaza darasa lao la wakunga na kulifunga. Baadaye walimwajiri kufagia. Alifagia wodi ya wazazi miaka mingi, na wakunga wasichana, wenye vyeti vyao, walipokutana na mtoto aliyekaa vibaya walimwita kwa kunong'ona aweke ufagio chini, anawe mikono. Nimewahi kumsikia akieleza habari ya mtihani kwenye harusi, bila uchungu, watu wakicheka naye. "Ofisi walikula jina langu," alikuwa akisema, akinielekezea mkono. "Na huyu Ustaza wangu alilia kuliko mimi." Watu walinitazama kwa upendo. Nami nilitabasamu, miaka yote hiyo. Mwaka jana, katika kamati ya shule fulani ninayoihudumia, mkuu kijana alisoma wastani wa darasa lake na wote wakapiga makofi. Niliuliza walioanza mwaka walikuwa wangapi. Alinitazama kana kwamba nimemwaga chai kwenye meza ya wageni, na mwenyekiti akaomba tufunge kwa sala.

Jumatano nilikaa na karatasi. Niliandika kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto watano na wajukuu. Kwenye elimu niliandika hivi: Alisoma kwa bidii hadi darasa la nane. Hakufanya mtihani kwa sababu mwalimu wake, aliyekuwa anakula chakula chake, aliandika kwamba amehama. Nikaweka jina langu. Nilijisikia mwepesi, nikamshukuru Mungu, ingawa nilipaswa kuushuku wepesi ule, maana nilikuwa nimewahi kuuhisi.

Alhamisi asubuhi nilimpa Keji ile karatasi nyumbani kwao Gumbo, katika chumba kile kile, kimeongezwa mabati na sakafu ya saruji. Sanduku bado lilikuwepo na kitambaa juu yake. Yeye ndiye angeisoma kanisani. Aliisoma akiwa amesimama, wanawake wakipita na masufuria nyuma yake, na alipofika katikati aliacha kupepesa macho. Akasoma tena. Nje mtu aliuliza viti vya wazee viko wapi, na mwingine akamjibu.

"Mama alijua?" akaniuliza.

"Sikuwahi kumwambia."

"Kwa hiyo unataka tumwambie leo. Mbele ya watu. Yeye akiwa ndani ya sanduku, na wewe umekaa na wazee."

"Nilitaka ukweli uandikwe, mwanangu."

"Ukweli wako." Hakupandisha sauti. "Mimi nisome mbele ya kanisa kwamba mama yangu alidanganywa miaka yote hii na hakujua, halafu watu wakuonee huruma wewe, waseme, tazama Ustaza alivyo mnyenyekevu. Hapana, Ustaza. Hii ibebe mwenyewe. Iandike mahali pengine." Akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu na kukata mstari wangu, bila rula, mara mbili, mpaka karatasi ikachanika kidogo. Kisha akanirudishia kalamu na karatasi. "Andika hapo juu. Mwandiko wangu ni mbaya."

"Niandike nini?"

"Alizaliwa Juba. Vita vyote alikuwa hapa. Hakuhama."

Nikaandika. Herufi hazikuegemea upande wowote. Kanisani Keji aliisoma vizuri, polepole, na alipofika hapo, kwenye neno lile la mwisho, wazee wa Juba ya zamani waliokuwa wamekaa nyuma, karibu na mlango, waliitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekaa mbele.